Walichotaka Kusikia Kutoka Vitani

Genge la Kunegunda liko Mfaranyaki, mjini Songea, limeegemea ukuta wa banda la Swalehe kinyozi. Anauza dagaa wa Nyasa, maharage, viazi, na majani ya maboga anayoyafunga mafungu kwa kamba za mgomba. Swalehe ana televisheni, na kwa sababu hiyo banda lake halikosi wanaume hata siku ambayo hakuna kichwa cha kunyoa. Kabla ya mpira kuanza huangalia habari, na miaka hii habari zimekuwa vita: vita vya Wazungu kule kwenye theluji, vita vya Waarabu na Wayahudi, vita vya Kongo. Kila mmoja ana lake la kusema. Msemaji mkubwa ni Valence, fundi simu, ambaye meza yake iko ng'ambo ya barabara lakini yeye mwenyewe ni nadra kumkuta mezani.

"Mimi wangenipa jeshi mwezi mmoja tu," husema Valence. "Pale ni kuingia alfajiri, jioni mji ni wako. Wanachelewa kwa sababu wanaogopa kufa. Sasa mwanajeshi anaogopaje kufa, si ndiyo kazi aliyoiomba?"

Wengine hucheka, wengine humbishia, na upande wa pili wa ukuta Kunegunda huendelea kupanga viazi vyake. Akiulizwa kitu ni bei. Siku moja Swalehe, ambaye ni mtu mpole, alitoka nje akamwambia, "Bibi, utuwie radhi na kelele. Ndiyo mambo ya wanaume haya."

"Endeleeni tu, wanangu," Kunegunda akamjibu.

Hawakujua kwamba yule bibi wa dagaa aliwahi kwenda vitani. Wangejuaje? Alikuwa ameficha tangu wengi wao hawajazaliwa.

Kunegunda alizaliwa kijijini upande wa Namtumbo, binti wa mkulima wa tumbaku. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa kuwa hakutetemeka akiona damu wakamfundisha kuhudumia majeruhi. Vita vya Kagera vilipoanza alipandishwa lori, kisha treni, kisha lori tena, mpaka akajikuta kwenye mahema ya hospitali ya jeshi karibu na mpaka. Jeshi liliposogea mbele, mahema nayo yalisogea. Alikaa huko mpaka vita vikaisha. Hakumlenga mtu kwa bunduki hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kushika miguu ya watu wakati inakatwa.

Malori yaliporudi Songea watu walijaa barabarani kushangilia. Wanawake waliwavisha askari vitenge mabegani, na Kunegunda naye alivishwa kimoja, akadhani ameshangiliwa pamoja na wenzake. Hazikupita wiki nyingi, mama yake Wendelini, kijana aliyekuwa amemchumbia, akaja nyumbani na shangazi zake wawili. Walikaa kwenye mkeka, wakala ugali wa watu, wakanawa, ndipo yule mama akasema lililomleta.

"Mwanangu hawezi kuoa msichana aliyelala kambini na kikosi kizima."

Kunegunda alikuwa nyuma ya nyumba anaosha sufuria. Alisubiri kumsikia baba yake akibisha, asisikie kitu. Wageni walipoondoka, baba alikuja akasimama karibu naye.

"Hizo nguo za jeshi ziweke mbali," alisema. "Watu wakikuuliza ulikuwa wapi, sema ulikuwa Iringa unasoma."

Basi akasema Iringa. Alisema Iringa kwa miaka mingi, hata watu waliokuwa na ndugu huko wakawa wanamuuliza habari za baridi na za mitaa.

Wanaume aliotoka nao vitani walinunuliwa pombe kwa muda, wakaombwa kuhadithia. Nao pia haikuwadumu. Sukari na sabuni zilipokauka madukani, minong'ono ilianza kwamba vita ndivyo vilivyoila nchi, na mtu aliyetoka vitani akipita watu wakamtazama kama ndiye aliyeila hiyo sukari. Kunegunda aliyasikia hayo kwenye foleni za duka la ushirika, akiwa amesimama katikati yao na kikapu chake, naye akitikisa kichwa kama mtu wa Iringa.

Baadaye aliolewa na Gaspari, fundi mwashi aliyefiwa na mke, mtu wa maneno machache. Gaspari alijua. Katika maisha yao yote alimuuliza mara moja tu.

"Huko ulikuwa unaogopa?"

"Nilikuwa nachoka," Kunegunda alimwambia, na Gaspari akaridhika na jibu hilo. Walipata binti mmoja, Careen, ambaye sasa ameolewa Makambako. Gaspari alipofariki, Kunegunda alibaki na nyumba, genge, na jirani yake Ester.

Ester alikuwa mjane kama yeye, mdogo kwake kwa miaka kama kumi na tano. Mwanawe wa mwisho, Aidan, alikuwa askari. Alipopangiwa kwenda Kongo na kikosi cha kulinda amani, alipita gengeni kuaga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Ndiyo unakwenda?"

"Ndiyo, Bibi. Niombee."

"Nitakuombea. Beba soksi nyingi. Huko miguu ikioza umekwisha."

Aidan akacheka. "Umejuaje mambo ya soksi, Bibi?"

"Nimesikia tu kwa watu."

Alimfungia dagaa kwenye gazeti akampa bure, akamtazama akivuka barabara mpaka bodaboda ilipomchukua.

Miezi ilipita. Siku moja, Ester akiwa gengeni anachagua maharage, televisheni ya Swalehe ilitangaza kwamba mapigano yamepamba moto kule Kongo na kuna askari wa kulinda amani waliouawa. Haikutaja majina. Ester alisimama na kiganja kimejaa maharage, na kabla hajauliza neno, sauti ya Valence ikatoka dirishani.

"Mimi siwahurumii. Nani aliwatuma? Wamefuata posho ya dola kule. Aliyefuata asali asilie na nyuki."

Maharage yalimtoka Ester mkononi yote. Kunegunda aliinuka kwenye kiti chake, akaingia kwenye banda la kinyozi, mahali ambapo alikuwa hajaingia hata siku moja.

"Swalehe, zima."

"Bibi, ni habari tu..."

"Mama wa mmoja wao yuko hapo nje."

Swalehe akazima. Watu walitazama chini. Mteja mmoja, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, akabaki ameinama vilevile.

"Mimi sikumtaja mtu, Bibi," Valence alisema taratibu. "Nilikuwa natoa maoni."

Kunegunda alimtazama. Alikuwa ameingia na hasira, lakini alipomwona usoni hasira ikakosa pa kukaa, maana kijana yule hakuwa na ubaya. Ndiye aliyemtengenezea simu bila kumtoza, ndiye aliyembebea gunia la viazi siku za mvua. Alisema juu ya vita kama anavyosema juu ya timu yake ya mpira, na akimaliza anakwenda kula. Kunegunda aligeuka akatoka. Alimkuta Ester amepiga magoti anaokota maharage, akapiga magoti naye wakaokota pamoja.

Siku chache baadaye gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba ya Ester. Walishuka maofisa wawili na padre. Kunegunda aliwaona akiwa gengeni, akaelewa tangu walipofunga milango ya gari polepole vile.

Mwili wa Aidan uliletwa, mtaa mzima ukahamia kwa Ester. Swalehe alifunga banda lake. Valence alichimba kaburi na vijana wenzake, akabeba jeneza, akalia machozi ya kweli. Ilipofika zamu ya marafiki kusema neno, alisimama akiwa ameshika kofia yake mikononi.

"Aidan amekufa kishujaa," alisema. "Alipigana mpaka risasi ya mwisho. Aliangusha adui wengi kabla hajaanguka. Mama Aidan, usilie. Umezaa simba."

Watu wakaitikia kwa makofi. Hakuna aliyekuwa amemweleza Valence jinsi Aidan alivyokufa. Maofisa wenyewe walikuwa wamesema bomu lilitua kambini, basi. Lakini Ester alikuwa akitikisa kichwa kukubali, na Kunegunda, aliyekaa naye mkekani, aliona jinsi maneno yale yalivyomshikilia mwenzake asianguke. Akanyamaza.

Kisha askari wakapiga risasi hewani kwa heshima ya mwenzao. Kunegunda hakukumbuka alichofanya. Alipojitambua alikuwa amelala juu ya Ester, amemfunika kichwa kwa mikono yake miwili, na wanawake wanamwinua na kumpepea kwa kitenge.

"Bibi kazidiwa na uchungu," walisema.

Msaidizi mmoja wa padre alimsogezea kiti kivulini. Ndipo alipokuja sajini mmoja mwenye mvi, miongoni mwa wale waliosindikiza mwili, akachuchumaa mbele yake na kuuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, ulikuwa kikosi gani?"

Kunegunda alimtazama kwa muda. Kisha akamtajia. Yule sajini alisimama, akaweka mikono sawa kando ya mapaja, akasema, "Shikamoo, Mama." Na Ester, aliyekuwa ameketi karibu, alisikia yote.

Hakuuliza siku ile. Aliuliza baada ya msiba kuisha na ndugu kurudi makwao, wakati wa mavuno, wawili hao wakipukuchua mahindi uani kwa Ester. Jua lilikuwa kali, kuku wakizungukazunguka wakidokoa punje.

"Wewe uliwaona wanaokufa huko," Ester alisema bila kuinua macho. "Niambie wanakufaje. Usinipe simba. Simba nimepewa na watu wote."

Kunegunda aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha.

"Sikuwepo alipokuwa Aidan," alisema. "Ya Aidan siwezi kukuambia. Naweza kukuambia niliyoyaona mimi."

"Nayataka hayo."

Basi akamweleza. Alimwambia kwamba askari akiumia sana Kiswahili kinamtoka. Anarudi kwenye lugha ya nyumbani. Kwenye mahema yale walikuwapo Wasukuma, Wahaya, Wamakonde, watu wa kila mahali, na usiku ulipofika kila mmoja alikuwa anamwita mama yake kwa maneno ya kwao. Akiletwa Mngoni mwenzake, Kunegunda alikuwa anaitwa haraka amsemeshe, na mara nyingi alitulia. Lakini siku moja aliletwa kijana Myao kutoka Nalasi, jina lake Azizi Muhsini. Hakuwa amepigana siku hiyo. Alikuwa ameketi juu ya lori anakula biskuti, kombora likatua kando ya barabara, kipande kikampata tumboni.

"Alikuwa ananiambia neno moja tu," Kunegunda alisema. "Mesi. Mesi. Ananishika mkono, ananivuta, mesi. Nikafikiri ni msichana wake. Nikamwambia, tulia, Mesi anakuja. Tumemtumia habari, yuko njiani. Akawa ananitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu. Alikata roho karibu na asubuhi."

Ester aliacha kupukuchua.

"Miaka mingi nilikuwa nafikiri nilimfariji," Kunegunda aliendelea. "Nilikuwa hata namwonea wivu huyo Mesi. Siku moja, Careen akiwa anatambaa, nilikwenda sokoni, nikamkuta mama mmoja Myao wa Tunduru anauza mchele. Mtoto wake akawa analia, mesi, mesi. Yule mama akamimina maji kwenye kikombe akampa."

Kuku mmoja alipanda juu ya gunia na Ester hakumfukuza.

"Daktari alikuwa amekataza," Kunegunda alisema. "Mtu wa tumbo hapewi maji. Nisingempa hata ningejua. Ila ningelowesha kitambaa nikampangusa midomo. Tulikuwa tunawafanyia hivyo. Kitambaa nilikuwa nacho mkononi."

"Mama yake ulimwambia?"

"Sijawahi kwenda."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa Iringa, Ester. Nilikuwa nasoma. Ningetokea Nalasi na kusema nini? Na ningemwambia mtu gani hapa? Wakitaka vita wanataka aliyeua. Wakichoka na vita wanataka wa kumlaumu. Mimi sikuua mtu, na sikuleta njaa. Nilimletea mtu jina badala ya maji. Hilo nani anataka kulisikia?"

Ester alijifuta vumbi la mahindi usoni kwa ncha ya khanga.

"Mimi leo," alisema, "mtu akija akaniambia Aidan aliomba nini, hata kama hakupewa, nitamkatia kipande cha shamba langu. Twende Nalasi."

Walikwenda korosho zilipoanza kuanguka. Walipanda basi mpaka Tunduru, wakalala kwa mtu wa jumuiya ya parokia aliyekuwa anafahamiana na Ester, asubuhi wakapata gari dogo la abiria la kwenda Nalasi. Huko hawakuhangaika. Mzee wa kwanza waliyemuuliza karibu na msikiti alimjua Azizi Muhsini.

"Yule shujaa," alisema. "Hapa hakuna asiyemjua." Akawapeleka mwenyewe.

Mama yake Azizi alikuwa amekwisha kufariki zamani. Aliyebaki ni dada yake mdogo, Bi Somoe, ambaye walimkuta amekaa chini na wajukuu zake wanabandua korosho kwenye mabibo. Aliwakaribisha kwa Kiswahili cha taratibu, akawatandikia jamvi. Waliposema kwamba mmoja wao alikuwa na Azizi siku aliyokufa, alimgeukia mjukuu wake mkubwa.

"Wasimulie wageni habari za babu yenu."

Msichana yule alisimama, mikono nyuma, kama anavyosimama shuleni. Alisema kwamba babu Azizi alikuwa wa kwanza kuingia Kampala. Alipanda juu ya jengo refu akapandisha bendera ya Tanzania, na adui mmoja aliyejificha akampiga risasi kwa nyuma, lakini hakuiachia kamba mpaka bendera ikafika juu. Wadogo zake waliijua hadithi nzima. Palipotajwa kamba, walitamka naye.

"Alhamdulillahi," Bi Somoe alisema. "Nendeni sasa mkachezee kule."

Watoto walipofika mbali alimgeukia Kunegunda.

"Hiyo aliileta mtu wa kwetu baada ya vita. Hakuwa vitani, alisikia kwa watu. Mama aliishi nayo mpaka alipokwenda kwa Mola. Sasa nieleze yako."

Kunegunda alieleza. Lori, biskuti, hema. Alipofika kwenye lile neno, alilitamka mara moja tu. Bi Somoe alifumba macho.

"Ulimpa?"

"Sikumpa. Sikujua ndicho alichotaka. Nisamehe."

Bi Somoe hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Alikaa akiyumba kidogo, mbele na nyuma, midomo ikitembea bila sauti, na Ester aliyekuwa hajazoea dua za Waislamu aliinamisha kichwa hivyohivyo. Mwishowe Bi Somoe alifumbua macho.

"Hawa watoto usiwaambie," alisema. "Waache na bendera yao. Na wale wazee wa msikitini, nao waachie. Wanaipenda."

"Sitawaambia."

"Lakini mimi alikuwa ananibeba mgongoni kwenda kuwinga ndege shambani. Hakuwa mtu wa kupanda majengo. Alikuwa anaogopa hata mnazi." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Mama alipokuwa anasimulia ile habari ya bendera, mimi nilikuwa sijui ni nani huyo anayesimuliwa. Miaka yote nilifikiri nimemsahau kaka yangu."

Alimshika Kunegunda mkono, mkono uleule uliokuwa na kitambaa, ingawa hakulijua hilo.

"Rudia tena," alisema. "Polepole, tangu alipoletwa. Sauti yake ilikuwaje?"

Kunegunda akarudia tangu mwanzo, na safari hii hakuruka kitu. Alieleza hata harufu ya hema. Ester alikuwa akisikiliza huku akibandua korosho za watu, machozi yakimdondokea kwenye mabibo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Waliondoka Nalasi kesho yake na mfuko wa korosho ambao Bi Somoe alikataa katakata kurudishiwa. Walipofika Mfaranyaki, Swalehe alikuwa amekwisha fungua banda na watu walikuwa wanabishana habari za nchi nyingine kabisa. Kunegunda alifungua genge lake. Hakuwaambia alikotoka, nao hawakuuliza.

Siku hizi Bi Somoe humpigia simu, hasa Ijumaa baada ya swala. Huulizana hali, mvua, bei ya korosho. Kisha mara nyingine Bi Somoe humwomba arudie tena kipande kile ambapo Azizi alimshika mkono. Kunegunda huinuka akaenda nyuma ya genge, mbali na televisheni, akamsimulia tena.